Swingi ya bapa moja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mchezaji wa gofu aliyeona video ya Moe Norman au Bryson DeChambeau, akashangaa mikono ile iliyonyooshwa, na sasa anataka kuelewa kinachoendelea kabla hajaivuruga swingi aliyonayo. Maelezo yote ni ya anayepiga kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze pande.

Swingi ya bapa moja ni nini hasa?

Swingi ni mzunguko wa fimbo kuupiga mpira, na bapa ni ule ubao wa kufikirika ulioinama ambao fimbo huzunguka juu yake. Simama nyuma ya mchezaji kwenye mstari wa shabaha, mahali ambapo mpira ukipigwa unakukimbia. Mchezaji wa kawaida akishajipanga utaona mistari miwili: mikono inayoning'inia kutoka mabegani, kisha fimbo inayochomoza mbele kwa pembe yake. Mistari hiyo hukutana kwenye vifundo vya mikono na hapo pana kona inayoonekana wazi.

Kwa mchezaji wa bapa moja kona hiyo haipo, au ni ndogo sana. Shafti (mti wa fimbo) na kigasha cha mkono wa kulia, yaani kutoka kiwiko hadi kifundo, ni mstari mmoja. Wazo lenyewe ni jepesi: fimbo ianze kwenye mwinamo uleule itakaokuwa nao wakati wa kugonga mpira. Miguu iliyotanuliwa, viganja vilivyo mbali na mapaja na mshiko wa kiganjani vyote vinafuata kutokana na sharti hilo moja. Anayeiga miguu na mikono bila kulijua sharti hilo huishia na mkao wa Norman na mpira wa mtu mwingine kabisa.

Moe Norman alikuwa nani, na kwa nini kila mazungumzo yanaanza naye?

Alizaliwa Kitchener, Ontario, Kanada, mwaka 1929 na akafia mji huohuo mwaka 2004. Alishinda ubingwa wa ridhaa wa Kanada mara mbili mfululizo, 1955 na 1956, na baadaye ubingwa wa PGA ya Kanada, chama cha wachezaji wa kulipwa, mwaka 1966 na 1974. Alianza kama kedi, yaani mbeba mifuko ya fimbo, na hakuwahi kukaa chini ya mwalimu rasmi. Swingi yake aliijenga mwenyewe kwa kupiga mipira hadi viganja vikafanya sugu.

Kilichowaacha watu midomo wazi ni unyoofu wa mipira yake. Walimwita "Pipeline Moe", na Tiger Woods aliwahi kusema kwamba ni wachezaji wawili tu waliomiliki swingi zao kwelikweli: Ben Hogan na Moe Norman. Mwaka 1995 kampuni ya vifaa vya gofu ya Titleist ilianza kumlipa dola 5,000 kila mwezi kwa maisha yake yote.

Jina kubwa Marekani hakulipata. Alikuwa na haya ya kupindukia mbele za watu, alicheza harakaharaka, alivaa anavyojua, na mashindano ya kule hayakumvumilia, naye hakuyavumilia. Kwenye Masters ya 1956, mashindano makubwa ya Marekani, inasimuliwa kwamba bingwa Sam Snead alimpa ushauri mdogo kuhusu kupiga aironi (fimbo za kichwa chembamba cha chuma), naye Norman akaenda renji, uwanja wa mazoezi, akapiga mamia ya mipira kuujaribu, mkono ukaumia, akajitoa. Ukiujua mkasa huo utaelewa kwa nini wanaomfuata hawapendi kuongezewa vidokezo.

Kwa nini watu waliiita swingi ya ajabu?

Kwa sababu haipendezi machoni. Hakuna ule mviringo laini wa kwenye magazeti. Miguu imepanuliwa kupita mabega, fimbo imewekwa nyuma ya mpira, vifundo havijikunji sana, na mwisho mikono inamalizia mbele badala ya kujisokota shingoni. Mpira lakini hauangalii urembo.

Kwa nini viganja hupanda wakati wa kugonga mpira? Mbona nilifundishwa virudi pale vilipoanzia?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote hapa, kwa hiyo tukae nalo kidogo.

Kichwa cha draiva, fimbo ya kupigia mbali zaidi, kina takriban gramu 200. Mchezaji wa wikiendi hukifikisha kwenye mwendo wa mita 40 hivi kwa sekunde, ambazo ni kilomita 144 kwa saa. Wa kulipwa hufika 50. Kitu kinachokimbia hivyo kinataka kwenda moja kwa moja, na mikono yako ndiyo inayokilazimisha kuzunguka. Piga hesabu: kilo 0.2 mara 40 mara 40, gawa kwa nusu kipenyo cha mita 1.5, unapata newtoni 213. Ni kama mzigo wa kilo 22 umening'inizwa ghafla kwenye viganja vyako. Kwa yule wa mita 50 ni kilo 34.

Mvuto huo hufanya mambo mawili. La kwanza, unanyoosha ile kona ya kwenye vifundo. Zungusha ndoo ya maji kwa kamba uone kama kamba itakubali kubaki imejikunja. Vifundo vinafunguka kuelekea chini, viganja vinapanda, na shafti inasimama wima zaidi ya ilivyokuwa mwanzo. La pili, uzito wa kichwa cha fimbo haukai kwenye mstari wa shafti bali umejitenga kando yake, kwa hiyo shafti yenyewe hujipinda kidogo na kuishusha ncha ya kichwa hicho.

Sasa angalia kinachotokea mwilini. Kona ikinyooka, umbali kutoka bega hadi kichwa cha fimbo unaongezeka. Ardhi haijasogea, mpira haujasogea. Ama uchimbe udongo, ama mwili uinuke kupisha. Kwa hiyo magoti yananyooka, kiuno kinasogea kuelekea mpira, mgongo unasimama. Mchezaji wa kulipwa hufanya hivyo kwa kipimo kilekile kila siku kwa sababu ndiyo kazi yake. Sisi wengine leo tunainuka mapema tukagonga mpira utosini, kesho tunachelewa tukang'oa bonge la nyasi nyuma ya mpira. Yote hayo ndani ya robo sekunde ya kushusha fimbo, muda ambao huwezi kurekebisha kitu kwa makusudi.

Hoja ya bapa moja ni kwamba kona hiyo uimalize kabla hujaanza. Ukishasimama viganja vikiwa juu na vifundo vimekwishafunguka kuelekea chini, mvuto wa kichwa cha fimbo unakuta kazi imeshafanyika, na mwili hauna sababu ya kuinuka.

Basi mkao wenyewe unapangwaje?

Anza na mshiko, maana ukikosea hapo mengine hayatakaa. Shafti ikilala kwenye vidole, lazima itengeneze kona na kigasha. Ikipita kiganjani, hasa cha mkono wa kulia, inaweza kufuata mstari wa kigasha. Ndiyo sababu Norman alishika kwa viganja.

Mgongo unainama mbele kutoka kwenye nyonga kama kawaida, na pia unalala upande kidogo kuelekea kulia, bega la kulia likiwa chini ya la kushoto. Mkono wa kulia uko chini kwenye fimbo, kwa hiyo bega lake lisiposhuka utalazimika kuukunja kiwiko au kulisogeza bega mbele, na mstari umekatika.

Miguu ni mipana kuliko mabega kwa draiva, ikipungua kadiri fimbo inavyofupika. Upana huo unampa mtu nafasi ya kusogeza uzito kwenda kushoto bila kuinuka. Mpira uko mbali zaidi na vidole vya miguu kuliko ulivyozoea, na wengi huhisi kama wataanguka mbele. Ukihisi hivyo umeinama kutoka mgongoni badala ya nyonga. Rudisha makalio nyuma hadi uzito ukae katikati ya nyayo.

Norman aliweka kichwa cha fimbo kama sentimeta 30 nyuma ya mpira. Mimi naona hili ndilo jambo la busara zaidi kwenye mkao wake, na ndilo linaloigwa kidogo zaidi. Sentimeta 30 za mwanzo za kupandisha fimbo ndizo ambazo watu wengi huupindua uso wa fimbo kwa viganja. Yeye aliziruka tu.

Na mwendo wenyewe?

Kupandisha: mabega yanazunguka, mikono inaenda nayo, vifundo vinajikunja kiasi bila kulazimishwa. Goti la kulia halinyooki. Mwisho wa kupandisha ni mfupi kuliko kwenye swingi ya kawaida, na mkono wa kushoto hauna haja ya kufika juu ya kichwa.

Kushusha: uzito unaanza kwenda kushoto wakati mikono bado inateremka. Goti la kushoto linabaki limekunjwa hadi mpira umeshaondoka, na hapa ndipo utamtambua anayefanya bapa moja kwelikweli na anayeigiza mkao tu. Wapigaji wengi wa masafa marefu wa leo huunyoosha mguu wa kushoto kwa nguvu ili kukipa kiuno msukumo. Norman aliuacha umekunjwa, kisigino cha kulia kikakawia ardhini, na kiuno hakikupanda. Mikono yote miwili ikanyooka baada ya mpira, fimbo ikielekea kwenye shabaha.

Ni kweli uso wa fimbo unabaki ukiangalia shabaha muda mrefu baada ya mpira, na ndiyo siri ya unyoofu?

Nusu kweli. Mpira na fimbo hugusana kwa takriban nusu ya elfu moja ya sekunde. Kwa mwendo wa mita 40 kwa sekunde, kichwa cha fimbo kinasafiri sentimeta 2 tu katika muda huo. Kinachotokea sentimeta 30 mbele ya mpira hakiwezi kuugusa mpira ambao umeshaondoka. Tena kichwa cha fimbo kiko kwenye mzunguko, hakiwezi kwenda kwenye mstari ulionyooka hata kidogo.

Faida halisi iko kwenye kasi ya uso kujifunga. Vifundo na vigasha visipojisokota sana, uso hugeuka polepole zaidi unapopita kwenye mpira. Tuseme uso unajifunga kwa nyuzi 2,000 kwa sekunde. Ukichelewa au ukiwahi kwa elfu moja ya sekunde, umekosea nyuzi 2. Nyuzi 2 kwenye mpira wa mita 230 ni mita 8 pembeni, hata kabla hatujaingiza mzunguko wa mpira wenyewe unaoupeleka mbali zaidi. Punguza kasi hiyo kwa nusu na kosa lilelile la muda linakugharimu mita 4. Mwelekeo wa mpira unapoanza kuruka unatawaliwa zaidi na uso wa fimbo kuliko na njia ya fimbo, kwa hiyo hilo si jambo dogo.

Mikono iliyonyooka mbele baada ya mpira ni dalili tu kwamba hukujisokota. Ukiilazimisha inyooke huku ulishajisokota, umepata picha nzuri na mpira umeenda msituni.

Je, fimbo hukaa kwenye bapa moja mwanzo hadi mwisho?

Hapana, na asikudanganye mtu. Chora mstari kwenye video ya Norman mwenyewe utaona fimbo inapanda juu ya mstari wa mwanzo wakati wa kupandisha, kisha inarudi. Kinachodaiwa ni kwamba mstari wa kujipanga na mstari wa kugonga mpira ni mmoja, au vinakaribiana sana. Katikati, mwili wa binadamu una viungo vingi mno kuchora bapa kamili.

Pia kila fimbo ina bapa lake. Draiva ni ndefu, unasimama mbali, mstari unalala. Weji, fimbo ya mikwaju ya karibu, ni fupi, mstari unasimama.

Mwalimu wangu anasema "bapa moja" lakini anazungumzia mkono wa kushoto kulingana na mabega juu ya swingi. Ni kitu kilekile?

Ni jambo jingine. Hiyo ni njia ya kugawa swingi iliyoenezwa na mwalimu Jim Hardy wa Marekani: juu kabisa ya kupandisha, je, mkono wa kushoto uko kwenye mwinamo sawa na mabega, au umepanda juu yake? Matt Kuchar ana mkono uliolala na mabega kiasi hicho, lakini hajipangi kama Norman. Picha ya kioo kilichoegemea mabegani na kushuka hadi kwenye mpira, aliyoieleza Ben Hogan mwaka 1957, nayo ni habari ya mabega na mpira, haihusu kuondoa kona ya vifundoni. Muulize mwalimu wako anamaanisha ipi kabla hujamlipa.

DeChambeau anafanya kitu kilekile alichofanya Norman?

Mkao ni jamaa, injini ni tofauti.

DeChambeau, mchezaji wa kulipwa wa Marekani, alisoma fizikia kwenye Southern Methodist University, Texas, na tangu ujana alichimba kazi ya Homer Kelley ya mwaka 1969 iliyojaribu kuieleza swingi kwa lugha ya jiometri. Mwaka 2015 alishinda ubingwa wa vyuo vikuu wa NCAA na US Amateur, kisha US Open mwaka 2020 pale Winged Foot na tena mwaka 2024 pale Pinehurst. Ukimtazama kwa nyuma, viganja viko juu, shafti na mikono vinakaribia mstari mmoja, gripu zake, yaani sehemu za kushikia fimbo, ni nene sana na zinajaza kiganja.

Lakini Norman alitafuta mpira ulionyooka kwa juhudi ndogo. DeChambeau, hasa kuanzia 2019 na 2020 alipojaza mwili, anautaka mkao huo ili awe na nidhamu ya uso wa fimbo wakati anapiga kwa nguvu zake zote. Wastani wake wa draiva kwenye PGA Tour, mfululizo wa mashindano ya kulipwa ya Marekani, msimu wa 2020 ulipita yadi 320. Mguu wake wa kushoto unanyooka na kusukuma ardhi, kitu ambacho Norman hakukifanya. Kwa hiyo anayesema "bapa moja haina nguvu" amemsahau mmoja, na anayesema "bapa moja inaongeza nguvu" hajaona ni misuli kiasi gani imetumika.

Lazima ninunue aironi za urefu mmoja?

La. Watu huchanganya mambo haya kwa sababu DeChambeau alijulikana kwa yote mawili: aironi zake zote zilikuwa na urefu wa aironi namba 7, inchi 37.5, karibu sentimeta 95. Mantiki yake ni kwamba urefu mmoja unampa mkao mmoja na bapa moja kwa aironi zote. Inaeleweka. Ila aironi namba 4 iliyofupishwa haitaurusha mpira juu vya kutosha kama mwendo wako ni wa kawaida, na weji iliyorefushwa ni kazi kuizoea ukiwa karibu na grini, yaani nyasi fupi zenye shimo. Norman alicheza maisha yake yote na fimbo za urefu tofauti.

Fimbo zangu za dukani zitafaa?

Za kuanzia zinatosha, za kudumu pengine hapana. Ukipandisha viganja, shafti inasimama, na kisigino cha fimbo (upande wa kichwa ulio karibu na shafti) kinanyanyuka huku ncha ikizama. Uso sasa unaangalia kulia kidogo, na kadiri lofti, yaani uso wa fimbo kulala nyuma, ilivyo kubwa ndivyo mpira unavyozidi kwenda kulia. Dawa ni kuongeza pembe ya mlalo, yaani shafti isimame zaidi wakati kichwa kimekaa bapa chini. Fundi wa fimbo anaweza kuipinda shingo ya aironi kwa nyuzi moja au mbili bila shida. Aironi za kufuliwa hukubali kirahisi, za kumimina ni ngumu na nyingine hukatika, kwa hiyo mwachie mwenye mashine.

Usimruhusu akupime ukiwa umesimama tu. Chukua kalamu ya maka, chora mstari mnene kwenye mpira, uweke mpira mstari ukiwa wima upande wa fimbo, kisha piga swingi yako halisi. Wino utajichapa kwenye uso wa fimbo. Ukisimama mraba na mifereji, pembe ni sahihi. Sehemu ya juu ya mstari ikilalia upande wa ncha, fimbo imesimama mno na mipira itakuwa inaenda kushoto. Ikilalia kisigino, fimbo imelala mno. Rudia kwa mipira kadhaa, maana mmoja unaweza kudanganya.

Nitapoteza umbali?

Wengi, ndiyo, kiasi. Kifundo kilichoanza kimefunguka chini kina safari ndefu zaidi kujikunja juu, na wengi hawafiki. Kona ikipungua wakati wa kushusha, ule mchapo wa mwisho unapungua nao. Mwisho mfupi wa kupandisha unapunguza tena.

Upande wa pili, mpira unaogongwa katikati ya uso huenda mbali kuliko unaogongwa pembeni kwa kasi kubwa zaidi. Mwenye handikapu (mapigo anayopunguziwa mchezaji kulingana na kiwango chake) ya 20 na kitu, ambaye mpira mmoja kati ya mitatu anaugonga kisigino, anaweza kukuta wastani wake haujashuka. Mwenye handikapu ya 4 anayegonga katikati kila mara atahisi hasara. Nikiulizwa waziwazi, mchezaji kijana mwenye kasi na swingi inayoendelea kukua simshauri ahame. Mwenye miaka 55 ambaye slaisi, mpira unaopinda kulia, imemshinda, namwambia ajaribu.

Anayecheza Nairobi, kwenye mwinuko unaozidi mita 1,600, ana unafuu kidogo kwa sababu hewa nyepesi inaubeba mpira. Akishuka Mombasa au Dar es Salaam atajua umbali wake wa kweli.

Mgongo wangu unauma. Itanisaidia?

Huenda, kwa sababu kuinuka kwa ghafla na kusukuma kiuno mbele kunapungua, na goti lililokunjwa halimalizii kwa mgongo uliojipinda kama upinde. Lakini mgongo uliolala upande nao una mzigo wake, na kuinama zaidi kuufikia mpira ulio mbali si rafiki wa kila mtu. Mwonyeshe daktari au mtaalamu wa viungo mkao wenyewe, usimweleze kwa maneno tu.

Viganja pia vitunze. Gripu inayokaa kiganjani, mpira baada ya mpira, inabonyeza mifupa midogo iliyo chini ya kidole kidogo. DeChambeau alifanyiwa upasuaji Aprili 2022 kwa mfupa wa hamate uliovunjika mkono wa kushoto. Mfupa huo huvunjika kwa wachezaji wa gofu wa kila aina, si wa mkao huu peke yao, ila maumivu ya pale usiyapuuze.

Nijirekodije kwa simu nione kama naipata?

Weka simu nyuma yako kwenye mstari ulio sambamba na shabaha, kwa urefu wa viganja, ikiangalia viganja na si mpira. Ikisogea kulia au kushoto, mistari yote inabadilika na utajitibu ugonjwa usio nao.

Tumia mwendo wa polepole. Kwenye picha 30 kwa sekunde, kichwa cha fimbo kinachokwenda mita 40 kwa sekunde kinaruka mita 1.33 kati ya picha moja na nyingine, kwa hiyo mgongano hutauona. Kwenye picha 240 kinaruka sentimeta 17, na hapo utapata angalau picha moja kabla ya mpira na moja baada. Rekodi juani, kivulini picha zinakuwa ukungu mtupu. Shafti ikionekana imepinda kama ndizi usishtuke: simu husoma picha mstari kwa mstari, na fimbo imeshasogea kabla haijamaliza.

Chora mstari juu ya shafti ulipojipanga. Peleka video hadi picha ya mwisho kabla ya mpira. Shafti ikiwa juu ya mstari uleule au nyuzi chache tu, umefika. Ikiwa imepanda sana, viganja vyako bado vinaanzia chini mno. Kisha chora mstari wima nyuma ya makalio na uangalie kama bado yanaugusa wakati wa kugonga. Yakiuacha, umeinuka, na hujabadilisha kitu isipokuwa mkao.

Makosa ya wanaoanza ni yapi?

Kukaza mikono. Kunyooka si kukaza, na misuli iliyokazwa haina kasi. Wengine wanatanua miguu mpaka kiuno kinagoma kuzunguka, halafu wanavuta fimbo kwa mikono tu. Wapo wanaopandisha viganja bila kulaza mgongo upande, wakabaki na bega la kulia juu, na fimbo inashuka kutoka nje ikikata mpira. Slaisi waliyoikimbia inawasubiri palepale.

Kwenye nyasi za kikuyu nzito inafaa?

Fimbo huingia chini kwa mteremko mdogo, na kipande cha nyasi kinachong'oka ni chembamba. Kwenye fawei (njia ya nyasi fupi ya kuelekea grini) kavu na ngumu hiyo ni raha tupu. Kwenye kikuyu iliyokua pembeni mwa fawei, nyasi hukamata shingo ya fimbo kabla hujaufikia mpira, na hapo unahitaji kuingia kwa mteremko mkali. Rudisha mpira nyuma kidogo kwenye mkao, kunja vifundo mapema, kubali kutoka tu. Bapa linaweza kusubiri shimo linalofuata.

Makedi wananicheka.

Wacha wacheke, kisha waulize wao walijifunzia wapi. Kenya, Uganda na Tanzania wachezaji wengi wa kulipwa walianzia kubeba mifuko, wakajifunza kwa kutazama na kujaribu, na swingi zao hazifanani na kitabu chochote. Kedi mzuri akikuona wiki mbili mfululizo mpira uko katikati ya fawei, yeye ndiye atakuwa wa kwanza kuja kukuuliza viganja vinakaa wapi.

Ni halali kwenye mashindano?

Ndiyo. Kanuni za R&A na USGA, vyombo vinavyotunga kanuni za gofu, hazikatazi mkao huu wala mshiko huu, ili mradi mpira upigwe na usisukumwe wala kukokotwa.

Na kwenye grini, niitumie kwa pata, ile fimbo ya kumalizia shimoni?

Jaribu ukitaka, ila kuna mpaka wa kifaa: shafti ya fimbo lazima iachane na wima kwa angalau nyuzi 10 fimbo ikiwa kwenye mkao wake wa kawaida, kwa hiyo huwezi kutengeneza pata iliyosimama kama mlingoti. DeChambeau amekuwa akipiga pata kwa kuegemeza gripu ndefu kwenye kigasha cha mkono wa kushoto, njia inayoruhusiwa na inayowafaa wenye vifundo vinavyotetemeka. Kwa Norman hakuna cha kuiga hapa: mapenzi yake yote yalikuwa kwenye mikwaju mirefu, na akifika grini alikuwa mtu wa kumaliza haraka aende kwenye tii inayofuata, pale shimo linapoanzia.